Sura ya Nne: Maneno ya Nani?

Katika mahafali ya darasa la saba, karibu kila shule ya msingi nchini Tanzania, hufika saa ya igizo. Mgeni rasmi ameketi chini ya turubai, risala imekwisha kusomwa, kwaya imeimba, na sasa wanaingia watoto kumi hivi. Mmoja amebandikwa ndevu za pamba, anatembelea mkongojo. Mwingine amejifunga kanga na kujitwika ndoo tupu. Wa tatu ni mlevi, na mlevi ndiye anayeshangiliwa kuliko wote. Baba hataki binti yake asome, anataka kumwoza. Mwalimu anakuja kumshauri, baba anamfukuza. Polisi wanafika, baba anapiga magoti na kutubu. Kisha watoto wote wanajipanga mstari mmoja, wanamgeukia mgeni rasmi na kumwambia kwa sauti moja kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Wazazi wanainuka kuwatuza.

Nimeyatazama maigizo ya namna hii kwa miaka mingi, na nayapenda. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayesimama mbele ya wazazi, diwani na afisa elimu, akatoa sauti hadi nyuma ya turubai bila kipaza sauti, amefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Lakini kila mara najiuliza: nani ameamua baba atubu? Nani aliamua kwamba binti asiseme hata neno moja mpaka polisi wafike? Mara nyingi jibu ni mwalimu mmoja aliyekaa usiku akaandika karatasi mbili, watoto wakazikariri kwa wiki tatu huku wakirekebishwa namna ya kusimama. Uamuzi wote umefanyika kabla mtoto hajafungua mdomo.

Msanii mwalimu, yaani mtu wa sanaa za maonesho anayeingia shuleni kufanya kazi na watoto, ana wajibu wa kuurudisha uamuzi huo kwa wenyewe. Mhusika anataka nini? Anamwogopa nani? Sasa hivi, mlango ukibishwa, atafanya nini? Mtoto akishayajibu maswali hayo kwa akili yake, sauti, mwendo na mavazi hufuata, na kufundisha hayo si kazi ngumu.

Tulikotoka si kubaya. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, aliikuza ngonjera mpaka ikawa mali ya kila shule baada ya Azimio la Arusha. Ngonjera iliwapa watoto wetu vina, mizani na ujasiri wa kusimama pande mbili za hoja, mmoja akipinga na mwingine akimjibu. Ila kwa kawaida upande wa pili unajulikana kuwa ndio wenye haki tangu ubeti wa kwanza, na anayepinga yupo ili aelimishwe. Nyuma zaidi kulikuwa na ngano za jioni, ambapo fanani hakuweza kwenda mbali bila hadhira: watoto waliitikia nyimbo, waliuliza, walimkatiza, walimkumbusha alichosahau. Kwenye unyago, baadhi ya makabila yetu yaliwafundisha vijana kwa vinyago vya udongo na nyimbo zake, na maana haikutolewa yote kwa siku moja. Mwari aliachiwa kazi ya kufikiri. Hazina hiyo tunayo. Shule ilipochukua maonesho, ilichukua zaidi sehemu ya kukariri.

Mtu aliyenisaidia kuliona jambo hili hakuwa Mwafrika. Dorothy Heathcote alizaliwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1926, akaacha shule akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha sufu. Alipotaka kujifunza uigizaji, bosi wake alimlipia ada na kumhakikishia kwamba akishindwa, mitambo yake mitatu ya kufumia itamngoja. Hakurudi kiwandani. Mwaka 1951, bila shahada wala cheti cha ualimu, aliajiriwa kufundisha walimu huko Newcastle, na kwa miongo iliyofuata alibadilisha namna drama inavyofundishwa darasani. Mchango wake mkubwa ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutenda: mwalimu aache kusimama pembeni akielekeza, aingie ndani ya hadithi akiwa mhusika, tena mhusika asiye na majibu.

Nieleze inavyokuwa kwetu. Naingia darasa la tano. Tumekwisha kukubaliana kwamba leo wao ni wazee wa baraza, na kijiji wamekijenga wenyewe: wamekipa jina, wamechora ubaoni mto, zahanati isiyo na dawa, na mkuyu mkubwa ambao mikutano hufanyika chini yake. Nawaambia kwamba nikijitupia kanga hii begani, mimi si mwalimu tena. Nikiivua, nimerudi. Natoka nje, najitupia kanga, napiga hodi.

“Karibu!” wanaitikia.

Naingia nimeinama, nasimama karibu na mlango, siwatazami usoni. “Shikamooni, wazee wangu.”

Hapo darasa hunyamaza. Mtoto wa Kitanzania ametoa shikamoo tangu alipojua kusema, lakini hajawahi kuipokea kutoka kwa mwalimu. Wengine wanaziba midomo kwa viganja wasicheke. Wengine wanatazamana kuona nani atathubutu. Mimi nangoja, bado nimeinama, kwa sababu nikiinuka mapema au nikiwasaidia kwa tabasamu, kazi yote imeharibika. Kisha sauti inatoka dawati la nyuma, ya msichana ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono: “Marahaba, mwanangu. Habari za huko utokako?”

“Nzuri kiasi, bibi. Nimetumwa na watu wanaojenga barabara. Wanasema itapita hapa kijijini, na mkuyu ule uko njiani. Wameniambia nirudi na jibu lenu kabla jua halijazama.”

“Aliyekutuma kwa nini hakuja mwenyewe?”

“Sijui, babu. Mimi ni mjumbe tu.”

“Kwani barabara haiwezi kupinda?”

“Sikuambiwa hilo.”

“Ngoja kwanza, mzee mwenzangu,” mvulana mmoja anamgeukia mwenzake. “Tukiikataa barabara, gari la dawa litafikaje zahanati?”

Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyemwandikia. Ameitoa kwenye mchoro wa ubaoni walioufanya wenyewe nusu saa iliyopita, akaunganisha barabara na dawa, na ghafla baraza lina hoja mbili za kweli zinazogongana. Mwalimu akiuliza mji mkuu wa Zambia, darasa zima linajua kwamba yeye analo jibu na anawapima. Mjumbe anapouliza kama mti ukatwe, hana jibu, na watoto wanajua hana. Hapo ndipo kuuliza na kujibu kunapokuwa na uzito.

Kuna ufundi katika kumchagua mhusika huyo. Nikiingia kama mkuu wa wilaya, watoto watarudi kuwa watoto: watanyamaza, watangoja kuambiwa. Ninahitaji mtu mwenye cheo cha chini kuliko wao, anayewahitaji, na mwenye haraka. Jua linalozama ndilo linalowasukuma waamue. Na sharti kubwa kwangu ni kutowatatulia. Wakikwama, mjumbe anaweza kuongeza ugumu, au kukumbuka jambo alilosikia njiani, lakini hawezi kuwaambia lililo sahihi. Baadhi ya siku baraza linagawanyika nusu kwa nusu na kipindi kinakwisha. Navua kanga, nawauliza nini kilikuwa kigumu, na tunaondoka na mgawanyiko wetu. Kipindi kinachofuata naweza kuwapa kazi ya kutengeneza picha mnato, kila kikundi kikisimama bila kutikisika kuonyesha kijiji hicho mwaka mmoja baadaye, wenzao wakikisoma kwa macho: nani amesimama karibu na nani, nani ametazama pembeni, mti uko wapi.

Walimu wengi wakisikia haya huniambia kwamba yanawezekana kwenye madarasa ya watoto ishirini. Nawaelewa. Kiwango rasmi cha shule zetu za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa mengi yamepita hapo kwa mbali. Madawati hayasogei. Darasa la jirani lina hesabu na ukuta ni mwembamba. Lakini wingi huu una nguvu yake, na anayeusubiri upungue atastaafu akisubiri. Mstari wa madawati unaweza kuwa mtaa, kila dawati nyumba, na mjumbe akapita nyumba kwa nyumba. Watoto themanini wanaweza kuwa mvua: kidole kimoja kwenye kiganja, kisha viwili, kisha vinne, kisha viganja kwenye mapaja, mpaka darasa zima linanyeshewa, na wote wamecheza bila mtu kuondoka kwenye dawati. Baraza linaweza kuwa la wazee kumi na wawili wa mbele, na wengine wote wakawa mawazo yao ya moyoni: nikimgusa mzee bega, wa nyuma yake anasema kile ambacho mzee huyo hathubutu kusema. Kurudisha utulivu sina haja ya kupiga kelele. “Paukwa!” inatosha, na “Pakawa!” ya watoto themanini ikishatoka, masikio yote yamekuja kwangu.

Ninaloliomba kabla ya yote ni kiboko kitoke chumbani. Sisemi hili kwa kumhukumu mwalimu aliyeachiwa watoto wengi kuliko awezavyo. Nasema kwa sababu mtoto hawezi kujaribu wazo ambalo huenda likawa baya huku akitazama fimbo iliyolazwa mezani. Akili yake yote iko kwenye fimbo.

Wanaodhani haya ni mambo ya kuazima kutoka nje wasome kazi za Penina Mlama na Amandina Lihamba. Mwaka 1982 na 1983, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi na vijana wa Malya, Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza yanayowasumbua, na likajitokeza suala la wasichana wadogo kupata mimba. Vijana wakalitungia maigizo na ngoma, wakayaonyesha, na kila onyesho likafuatwa na majadiliano ya kijiji. Mwaka 1996 wanawake hao wawili walianzisha mradi wa Tuseme kwa wasichana wa shule za sekondari. Hatua zake zinafahamika kwa yeyote aliyepita humo: wasichana wenyewe wanataja vikwazo vya masomo yao, wanachambua vinatoka wapi, wanatunga igizo, wanaliigiza mbele ya walimu, wazazi na wenzao, kisha unafika mjadala wa nini kifanyike na nani akifanye. Klabu inabaki shuleni baada ya onyesho. Shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana na ambalo Mlama aliliongoza baadaye, liliupeleka utaratibu huo katika nchi nyingine kadhaa za Afrika.

Tazama tofauti na igizo la mahafali. Mada inaweza kuwa ileile, binti anayekatizwa masomo. Lakini katika Tuseme binti ndiye aliyeitaja, ndiye aliyeichambua, na onyesho halimalizwi kwa baba kupiga magoti. Linamalizwa kwa kumuuliza mkuu wa shule, aliyeketi pale pale, kama bweni litapata taa. Miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na sera haikubadilika mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu warudi. Sidai kwamba maigizo ndiyo yaliyoibadilisha. Nasema kwamba wasichana walikuwa wakilisema jambo hilo kwa vinywa vyao, hadharani, robo karne kabla.

Mtoto akipewa nafasi ya kusema, atasema. Hili linahitaji uangalifu kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona vijana wanaotoka vyuoni wakiwa na michezo mingi ya kuchangamsha watoto lakini hawakuandaliwa kwa siku hii. Katikati ya zoezi mtoto anaweza kumchezesha mjomba wa kwenye hadithi kwa usahihi unaotisha. Anajua mlango unafungwaje. Anajua mjomba anasema nini kabla ya kuondoka. Darasa limetulia, na wewe unajua kwamba hii si hadithi tena.

Usimuulize mbele ya wenzake kama imemtokea. Usimsifu kwa kuigiza vizuri. Hadithi ni nguo aliyoivaa ili aweze kusimama pale, na asivuliwe mbele ya watu. Endelea kumwita kwa jina la mhusika, peleka hadithi mahali penye mtu mzima wa kuaminika, iwe shangazi au mwalimu wa kwenye hadithi, mruhusu akae akiwa salama, lipe darasa kazi nyingine. Baadaye, kwa utulivu, msikilize akitaka kusema, bila kumhoji kama askari na bila kumwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Kisha lifikishe panapohusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Kuna ofisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna simu ya bure namba 116. Msanii mwalimu anayeingia shuleni bila kujua nani ni ofisa ustawi wa kata ile hajajiandaa kuingia, hata kama kipindi chake ni kizuri namna gani.

Tuvuke mpaka. Tamasha la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959, na ninavyoona mimi hakuna tukio la Afrika Mashariki linalowapandisha watoto wengi hivi jukwaani kwa ustadi mkubwa hivi. Aprili 2025, shule ya wasichana ya Butere ilifika na tamthilia iitwayo Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala, mwandishi wa tamthilia aliyewahi pia kuwa seneta wa Kakamega. Ilihusu vijana na utawala wa nchi. Ilizuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru waachwe waigize, na tarehe 10 mabinti wakafikishwa ukumbini Nakuru wakakuta hawana mwelekezi wao, vifaa wala hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Polisi walirusha mabomu ya machozi. Shule hiyo hiyo, na mwandishi huyo huyo, walikuwa wamepigwa marufuku mwaka 2013 kwa tamthilia ya Shackles of Doom, na wakati ule pia mahakama iliwarudishia haki ya kuigiza.

Kutumia nguvu za dola palipokusanyika wasichana wa shule ni aibu, na hilo halihitaji mizani. Lakini siku zile nilisikia mabishano mengi kuhusu Malala na serikali, na machache kuhusu mabinti. Waliokuwa upande mmoja walisema watoto wanatumiwa. Wa upande wa pili walisema sanaa inanyongwa. Mimi kinachonikaa moyoni ni ule wimbo. Maneno ya tamthilia yalikuwa ya mtu mzima, na hakuna ubaya: mwigizaji wa umri wowote anaweza kuyachukua maneno ya mwingine na kuyafanya yake kwa kuyaelewa na kuyapigania mazoezini. Ila kukataa kucheza kwenye ukumbi usio na watu, kuimba wimbo wa nchi yao, kisha kushuka jukwaani, uamuzi huo hawakuwa na mwelekezi karibu wa kuwaongoza. Kama kuna mwalimu aliyewahi kuwafundisha jukwaa maana yake nini, kazi yake ilionekana asubuhi ile.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Sehemu kubwa ya wasanii walimu wetu, hata waliosoma TaSUBa Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaishi kwa miradi. Mfadhili anataka ujumbe: kunawa mikono, chandarua, kuweka akiba. Anataka pia idadi ya watoto waliofikiwa, ambayo ni rahisi kuipata kwa kuigiza mbele ya paredi la shule nzima na vigumu kuipata kwa kukaa na darasa moja muhula mzima. Ushauri wangu kwa vijana ni kuzungumza na mfadhili kabla ya kusaini, wakiwa na pendekezo lililoandikwa. Chandarua kinaweza kubaki, lakini kiingie kama swali: nyumba ina chandarua kimoja na watu watano, nani alale ndani? Watoto watalijadili hilo kwa dakika arobaini bila kuchoka, na watakwenda nalo nyumbani.

Kinachobaki ni mwalimu wa darasa. Msanii atapanda basi, mwalimu atakuwepo Jumatatu. Ndiyo maana tangu kipindi cha kwanza namwomba asiende kusahihisha madaftari ofisini. Akae, aingie kwenye baraza kama mzee mmojawapo, asikie watoto wake wakiongea wasivyoongea kwenye vipindi vingine. Baadaye aongoze mvua. Baadaye kanga iwe begani kwake, mimi nikae kwenye dawati na watoto. Mwalimu mmoja wa darasa la nne aliniambia kwamba jambo gumu kwake lilikuwa kunyamaza sekunde zile baada ya swali, kwa sababu amezoea kuzijaza. Tulizifanyia mazoezi, wawili peke yetu, baada ya watoto kutawanyika: anauliza, anahesabu kimoyomoyo, hasemi kitu. Kwa mwalimu mkuu namwombea kipindi kimoja kwa wiki kisichoguswa na majaribio ya mitihani, na ruhusa kwamba siku ya mahafali darasa lake lionyeshe baraza lenyewe, mgeni rasmi akiwa mmoja wa wanakijiji, na aulizwe yeye mkuyu ukatwe au uachwe.